Kipochi cha Kadi ya Kliniki

Bugene, Karagwe
18 Novemba 2023

Mdogo wangu Nadhira,

Assalaam alaykum. Huku mvua zimekolea na senene wameanza kuanguka, kila nyumba inawakaanga. Cherehani yangu inakwenda vizuri tangu nibadilishe mkanda.

Kipochi ulichoniomba cha kuwekea kadi ya kliniki hiki hapa. Nimeunga vipande vilivyobaki kibandani kwangu: kitenge cha sare za kwaya ya Kilutheri, bluu ya sketi za shule, na kanga kuukuu ya mama. Mimi niliyeshona miaka ishirini, nikasahau kuacha zipu wazi kabla ya kufunga pande zote. Kikakataa kugeuzwa, ikabidi nifumue. Akili yangu haikuwa kwenye zipu.

Nilikuwa nawaza nilichokiweka katikati ili kipochi kiwe kinene. Si sponji. Mwaka juzi, baada ya msiba wa mwanao, ulinikabidhi blanketi lake ukaniambia nimgawie mzazi yeyote. Ulipopiga simu kuuliza, nikakujibu nimempa Benadeta, jirani yangu. Nilikudanganya. Nilifika hadi mlangoni kwake, nikasikia mtoto wake mchanga analia, nikarudi nalo nyumbani. Kesho yake nikampelekea sabuni.

Nisamehe. Nimekata kipande cha pembeni tu, cha kutosha kadi. Lililobaki nimelifua, lipo kabatini, na bado linatosha kumfunika mtoto.

Msalimie shemeji. Ndoo za maji achote yeye.

Dada yako,
Rukia