Wimbo wa Baba Katika Uwanja Usio na Paa

Pasiansi,
Mwanza.
3 Julai 1975

Mpendwa Kaka Ishengoma,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Songea haijawamaliza wewe, wifi Celestina na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia. Huku tu wazima, ila mimi na mama hatuongei vizuri tangu juzi. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua kwaya yangu inaimba ule wimbo ambao marehemu baba aliutungia kanisa la kwetu. Unakumbuka ulivyo: mstari mmoja, kisha kimya. Sauti inapanda hadi darini, inarudi, ndipo mstari wa pili unaipokea. Hapa kanisani watu walikuwa wanalia, nami nikajiona mwalimu kweli.

Jumapili tulipelekwa kushindana Magu, kwenye uwanja wa kununulia pamba. Kumbe Wasukuma hawashindani kwa zamu. Vikundi viwili vinaanza pamoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanahamia wanakopendezwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Upande wa pili alikuwa mtunzi mmoja wa huko aitwaye Ngosha, na ngoma zake. Mimi, kwa akili zangu, nikawapanga waimbaji kama tuko altareni, wote wananitazama mimi, migongo wamewapa watu.

Tukaimba mstari wa kwanza. Sauti ikaenda zake, kaka, haikurudi. Kile kimya cha baba kikajazwa na ngoma za Ngosha, watu wakadhani tumemaliza, wakavuka. Kufika mstari wa tatu tulibaki na bibi wawili na mbuzi. Nilitamani ardhi inimeze.

Ngosha alikuja kunipa pole.

"Mwalimu, huku nje ukinyamaza umeshaondoka," aliniambia.

Yeye nyimbo zake zimezaliwa uwanjani. Anarusha mstari mfupi, wenzake wanaupokea kabla hajavuta pumzi, na aliye mwisho kabisa anasikia. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli.

Jumatatu ni Sabasaba, na tunakutana naye tena, Kirumba. Viongozi wa tawi la chama, ambao ndio wanaotupeleka mashindanoni, wametamka kwamba tukikimbiwa tena, kwaya inavunjwa. Ni watu ishirini na wawili, kaka, na miaka minne ya jasho langu. Basi nimeukata wimbo. Nimeondoa vituo vyote, nimetia kiitikio na makofi, na waimbaji sasa wanawatazama watu. Unasikika vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama alikuja mazoezini juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, wala hakupaza sauti.

"Pale baba yenu aliwaachia watu nafasi ya kufikiri," alisema. "Ninyi imbeni mnavyotaka. Jumatatu mimi nitasimama kwa Ngosha."

Nilitaka ruhusa yako, wewe mkubwa wetu, lakini barua hii itakufikia Sabasaba imeshapita. Kwaya siwezi kuiacha ife. Nitauimba hivyo hivyo ulivyokatwa, na ninaogopa sana.

Msalimie wifi, na watoto wote uwapakate kwa niaba yangu. Mungu awatunze huko mliko. Na ukipata nafasi ya kusali, kwaya usiiombee. Mwombee mama asivuke uwanja.

Mdogo wako akupendaye,
Renatha