Papa, Nimeweka Mfumo Mpya kwenye Kompyuta ya Redio

Mpendwa Papa,

Nimechoka. Diski ya kompyuta yako ya redio, ile uliyotumia kuandikiana na watu hewani, ilikufa wiki ileile tuliyokuzika, na tangu siku hiyo natafuta mfumo wa kuweka kwenye diski mpya.

Unakumbuka ulivyonionyesha Linux, mfumo wa bure, mara ya kwanza? Mfumo wa kununua ulikuwa umetumalizia mega zote za intaneti. "Iyi ya bule njo ya siye, mama," ukaniambia. Halafu ilipokuuliza uko mji gani, ukachagua Kinshasa, eti ndio mji mkuu. Kompyuta ikafuata saa za Kinshasa, ikakaa nyuma yetu saa nzima, na rafiki yako wa Mitwaba, Papa Ilunga, akakungoja hewani Jumapili, siku ya Mungu kama anavyoiita, baada ya misa mpaka akakata tamaa. Mama alikucheka wiki nzima: "Bwana yangu anaishi Kinshasa, mimi niko Lubumbashi!"

Safari hii nilianza na Linux iitwayo Ubuntu, ikawa nzito mno kwa mashine hii kuukuu. Nyingine, nyepesi, haikuisikia redio kabisa. Umeme ukikatika katikati, naanza upya. Na kusema kweli, kila iliposhindikana nilipumua. Simu hazishiki kule kwa Papa Ilunga, na hakuna aliyemwambia kuwa umekufa. Mfumo ukikubali, wa kumwambia ni mimi.

Jumapili hii Linux nyingine, Debian, ilikubali. Niliingiza alama ya kituo changu cha redio, ya ile leseni uliyonisukuma niitafute. Hata sijakaa vizuri, maandishi ya Papa Ilunga yakatokea kwenye skrini: "Mukubwa, uko? Niko nakuita kila siku ya Mungu."

Nikaandika: "Ni mutoto yake. Papa alishakufa."

Unaijua programu yako ilivyo ya polepole, inatuma maneno mawili, inapumzika. Nilikaa nikiangalia habari ya kifo chako ikienda Mitwaba kidogo kidogo, nikalia kama siku ya mazishi.

Kisha Papa Ilunga akajibu: "Pole, mama. Basi siku ya Mungu ingine, njo weye nitakuta?"

Mimi si mtu wa redio kama wewe, Papa, na mwili wote unaniuma kwa uchovu. Nimemwandikia ndiyo.

Pumzika, Papa.

Binti yako