Nilipeleka Tai ya Bosi Kwenye Maombi, na Sasa Amefukuzwa Televisheni

Bibi Goreth mpendwa,

Nisaidie kabla Jumapili haijafika, na jina langu usiliandike, kwa sababu hapa Albert Park watu wanasoma ukurasa wako saluni kabla hata wino haujakauka. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulitoka Uvira mwaka 1996 tukaja nchi hii ya watu, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi kule Morningside, nyumbani kwa yule tajiri wa televisheni ya kulipia, yule mtangazaji wa habari za saa mbili ambaye kila jioni alikuwa anasema wageni ni wezi, na walinzi wa magari ndio wezi wakubwa, eti wanachungulia ndani ya gari lako iko nini wakati wewe unaogelea.

Sasa Bibi, mume wangu analinda magari ufukweni, South Beach. Bosi akisema jioni, asubuhi mume wangu anatemewa mate, na siku moja bosi akasema "watoeni wote pale ufukweni," basi kesho yake watu wakamvua mume wangu lile jaketi lake la kung'aa, wakalikanyaga, wakamwambia rudi kwenu, akakaa nyumba mwezi mzima anaangalia ukuta, na mimi kila asubuhi napanda taxi naenda kunyoosha mashati ya yule yule aliyesema, na ile tai yake nyekundu ya hariri anayovaa akitaka kutoa maneno makali, maana anasema inamletea bahati. Nilikuwa napiga pasi machozi yanadondoka juu ya shati, hata maji ya kunyunyizia sikuhitaji. Madam, mke wake, hajui mume wangu anafanya kazi gani, hajawahi kuuliza.

Basi Mama Valérie wa kikundi chetu cha maombi akaniambia, "Wewe unashika nguo zake kila siku halafu unakuja kutulilia hapa? Lete nguo tuiombee! Mtu akiwa mbali tunaombea nguo yake, ama umesahau ya kwetu?" Ijumaa nikaificha ile tai ndani ya kitambaa changu cha kichwa, nikatoka nayo, tukafunga siku tatu bila kula, wakaiweka chini katikati yetu, wakaimwagia mafuta ya zeituni, na Mama Valérie akapaza sauti, "Bwana, mtoe huyu mtu kwenye kile kiti!" na sisi wote tukaitika amina, na yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Jumatatu nikairudisha kabatini. Lakini doa la mafuta lilikataa kutoka, Bibi, limekaa kwenye ule mkia mwembamba wa nyuma, kubwa kama jani la maharage, nikasema hakuna atakayeona.

Jumatano akaivaa. Jioni ile ile, mbele ya nchi nzima, akasema kipindi cha mapishi cha mke wa mwenye televisheni ni chakula ambacho mbwa wake angekataa, na Alhamisi asubuhi wakamfukuza. Nilisikia kwenye redio ya jikoni. Nikaingia chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikaweka uso ndani ya taulo nikacheka. Jumamosi mume wangu akarudi South Beach, na mtu mwenye gari, mtu asiyemjua, akamnunulia bunny chow, ule mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi, akamwambia, "Sharp, my brother, yule mjinga ameenda." Akaja nayo nyumba nusu, tukala na watoto, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze nikamsikia akipiga mluzi.

Ningeishia hapo ningekuwa sina swali. Lakini Jumatatu Madam aliingia kwangu na macho mekundu, na ile tai mkononi. Eish, nikajua leo ni leo, ameona doa! Kumbe hapana. Akasema, "Mama, wewe ni mtu wa maombi, nakusikia unavyoimba ukipiga pasi. Chukua hii, ndiyo tai yake ya bahati, waombe watu wako waiombee ili arudishwe kazini." Nikajibu, "Ndiyo, Madam." Ningejibu nini, Bibi? Huyu ndiye alimpeleka mtoto wangu wa mwisho kwa daktari wake mwenyewe alipobanwa na kifua, na hajawahi kunipandishia sauti.

Sasa tai iko chini ya godoro langu. Mama Valérie anasema Jumapili nisimame kanisani na tai mkononi nitoe ushuhuda, kwaya icheze, nisipofanya hivyo ninamwibia Mungu sifa yake, na dereva wa bosi na Madam, kaka Gosbert, anasali kanisa hilo hilo, anakaa benchi la tatu. Nikiomba bosi arudi, mume wangu anarudi kuangalia ukuta. Nisipoomba, nimemdanganya Madam. Na iko jambo moja naona haya kulisema: nina furaha, siwezi kuizuia, nikimwona Madam analia nainamisha kichwa ili asione. Je, ni dhambi? Je, ni mimi niliyemfukuzisha yule baba kazi?

Mpiga Pasi, Albert Park

Mpiga Pasi,

Jina lako umeficha, la Mama Valérie umeliandika wazi. Nimeliacha hapo makusudi, alisome.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na barua yako nimeisoma mara mbili, kidole juu ya mstari. Nikacheka, nikakasirika, nikacheka tena. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, hukumfukuzisha wewe. Wazee walisema dua la kuku halimpati mwewe, na mwewe huyu alijigonga ukutani mwenyewe, kweupe, macho wazi. Miaka miwili ametutukana sisi, na hakuna mkubwa wake aliyemnyima hata glasi ya maji. Akatukana sufuria ya mke wa mwenye mali jioni moja, asubuhi hana kiti. Basi Mama Valérie asijipigie makofi. Na huyo mwenye mali naye usimshukuru, hakufanya kwa ajili ya mumeo.

Furaha yako siyo dhambi. Mwiba ukitoka mguuni mtu hutabasamu, haombi ruhusa kwa mwiba. Mimi mwenyewe Alhamisi ile nilipika sombe, majani yetu ya muhogo, nikatia mawese bila kupima, nikala nimekaa mlangoni, miguu nimeinyoosha. Na huyo bosi usimhurumie kupita kiasi. Mtu anayefukuzwa kazi akiwa na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba hajafukuzwa, amepumzishwa.

Sasa nyamaza nikugombeze. Ulibeba kitu cha mtu ndani ya kilemba ukatoka nacho! Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu! Kama mtu angekifungua kile kilemba pale getini Ijumaa ile, unajua jioni yake televisheni ingesema nini? Yule bwana angeinua tai yake mbele ya nchi nzima akasema, "Si niliwaambia?" Miaka miwili anatafuta mgeni mmoja mwizi amwonyeshe kwa watu, na wewe ukataka kumpelekea ushahidi hadi mkononi, tena umepakwa mafuta. Ungemponza mumeo, ungeniponza na mimi ambaye sijawahi hata kuiona hiyo tai. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mungu hana haja ya tai ya mtu ili amjue mtu. Anamjua toka yuko tumboni mwa mama yake, hajavaa kitu.

Kwa hiyo Jumapili tai haiendi kanisani. Ukitaka kusimama, simama, sema, "Mume wangu amerudi kazini, Mungu asifiwe," halafu kaa. Hizo ni sifa za kutosha na ni za kweli, na kaka Gosbert atapiga makofi kama wengine. Mama Valérie akikuvuta mkono, mwambie Bibi Goreth amesema alete tai ya mume wake mwenyewe, tuone nani atacheza.

Na Madam ulimwambia ndiyo. Ndiyo ni deni, mwanangu, hata kama uliitoa kwa woga. Alimbeba mtoto wako kwa daktari, basi mwombee na yeye bila unafiki. Mwombee nyumba yake itulie, mwombee machozi yake yakauke. Na mumewe mwombee pia, apate kazi. Mungu ana kazi nyingi. Mwombee apate isiyo na kipaza sauti.

Halafu itoe hiyo tai chini ya godoro kabla haijaota mikunjo. Doa la mafuta kwenye hariri haliguswi na maji wala sabuni, nashangaa mpiga pasi kama wewe hulijui hilo. Nyunyizia poda ya mtoto, nyingi, iache ilale nayo mpaka poda inywe mafuta. Ikung'ute. Weka karatasi nyeupe juu, pitisha pasi ya uvuguvugu, siyo ya moto, rudia na karatasi nyingine. Doa likibaki, rudia tena na poda. Mimi nimetoa mafuta ya samaki kwenye gauni la harusi namna hiyo, na bibi harusi hajui mpaka leo, labda akisoma hapa.

Na uanze kuulizia nyumba nyingine yenye nguo za kunyoosha, kimya kimya. Mwanaume asiye na kazi hahitaji mashati matano kwa wiki, na mashati yakipungua wewe ndiye utakayefuata. Mwombe Madam barua ya kukusifu sasa, wakati moyo wake bado ni laini.

Siku ya kumrudishia tai, mpe mkononi, usiifiche kabatini tena. Mwambie, "Madam, nyumba yako nimeiombea. Tai hii ilikuwa na doa la mafuta, doa ni langu, nimelitoa, nisamehe." Utatetemeka, tetemeka. Akikwambia asante yakaisha, rudi kwenye pasi yako uimbe. Lakini akiuliza mafuta yalifikaje pale, usimtungie hadithi. Vuta kiti, umwambie kile ambacho hajawahi kukuuliza: mume wako anafanya kazi gani.

Bibi Goreth