Simu Kutoka Nyuma ya Kiwanda

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanangu. Sisi huku tunapumua. Miguu inamsumbua mama, lakini mdomo haujambo: bado anawatambia majirani kuwa mwanawe wa kiume yuko ng'ambo, anapigwa na baridi.

Mimi nipo palepale, kituo cha simu za dharura. Juzi asubuhi alipiga mtu anayehema tu, kama aliyepanda ngazi nyingi. Nilimuuliza yuko wapi, hakujibu. Hilo halitushindi. Minara inayoisikia simu hupima mawimbi yake yamechukua muda gani kufika, muda mdogo kuliko kufumba jicho. Kompyuta hugeuza muda ule kuwa umbali, na umbali wa minara mitatu unapokutana, ndipo mtu alipo.

Kwenye ramani kikatokea kiduara nyuma ya kiwanda cha vioo, mtaa wa pili kutoka kwa mama. Nikatuma gari la wagonjwa, kisha nikarudi kumtuliza yule mtu: “Vumilia, kaka, wanakuja.”

Akasema, “Chiriku, ni wewe?”

Dada, kaa kitako. Duniani ni mmoja tu aliyeniita Chiriku. Kaka yetu hakuwa ng'ambo. Alishafukuzwa kazi huko akarudi, akaona haya kuingia nyumbani mikono mitupu. Akapanga chumba nyuma ya kiwanda, na kila Jumapili akampigia mama kumsimulia theluji. Haya alinieleza mwenyewe hospitalini, kwa pumzi za kuazima. Moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Alinishika mkono akaniomba mama asijue kwamba alikuwa karibu hivyo. Jioni akatutoka.

Mwili bado uko hospitali, na mama hajui lolote. Nilifikiria kumdanganya kuwa ameletwa kwa ndege. Lakini mama atauliza alikufa akiwa na nani, na sitaki kumnyima jibu hilo: alikuwa na mimi. Nitamwambia kweli yote, kaka anisamehe. Ila peke yangu siwezi.

Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, maana haya si ya kusemwa kwenye simu. Panda basi hilohilo likigeuza. Jumapili inakuja, na mama ataketi na simu mapajani.

Msalimu shemeji. Watoto waache wacheze kwanza.

Mdogo wako, tuliyenyonya ziwa moja.