Mitihani Miwili Nyumba Moja

Nyumbani, juu ya duka la vioo
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe na watoto? Shemeji mgongo umemwachia, au bado anatembea kama aliyemeza mpini wa ufagio? Sisi huku wazima, ila baba watoto anapiga chafya. Yeye anasema ni vumbi, mimi nasema ni uvivu wa kulifuta.

Najua nimekuwa kimya mno. Nilikuwa na mitihani, na nilikuwa na gere, na viwili hivyo vikikaa kifua kimoja mkono hauandiki barua. Gere na nani? Na mwanao. Msichana wangu mwenyewe, niliyemzaa.

Unajua mwaka huu anamaliza chuo cha uhandisi, na mimi namaliza stashahada yangu ya ualimu, ile ninayoisomea jioni nikitoka kwa watoto wa chekechea. Ratiba zikaangukia wiki zilezile. Basi nyumba ikageuka. Redio ikazimwa, ikafunikwa kitambaa. Baba yake akawa anatembea kwa vidole, anamchemshia maziwa, anampelekea chumbani na yai limeshamenywa. Limemenywa, mdogo wangu. Mimi tangu niolewe mayai namenya mwenyewe. Jirani akigonga mlango anaambiwa, "Taratibu, tuna mtihani humu." Na mtihani wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa mtoto. Wangu nilikuwa nausomea kibarazani tunakoanika nguo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashuka yakinidondokea maji mgongoni.

Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, hata mimi kesho nina karatasi."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Wako si ule wa jioni tu?"

Nilikwenda kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Ndipo mwili ukaanza kunigomea. Moyo unakwenda mbio nami nimekaa. Nasoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki cha juu. Chakula hakipiti. Kazini nilimwita mtoto kwa jina la mwenzake, akanisahihisha kwa huruma. Nikimwangalia msichana wangu, anakunywa maziwa yake, anazunguka mtaa kunyoosha miguu, halafu anajitupa kitandani, shuka hadi usoni, kimya. Nikasema moyoni, huyu kapewa kila kitu, hata usingizi wangu kauchukua yeye.

Takwimu ndiyo iliyonimaliza. Nilifungua karatasi, tarakimu zikatawanyika kama mchwa waliomwagiwa maji. Msimamizi, mama wa makamo kama mimi, akaniinamia. "Weka kalamu chini kwanza, mama. Vuta pumzi. Anza na swali unalolijua." Nilikuwa nalijua moja. Nikaanza nalo, nikaishia karibu na hapohapo.

Nikarudi nyumbani alasiri na uso umevimba, moja kwa moja kibarazani. Nikamkuta msichana wangu kakalia ndoo yangu, analia. Nikawaza, hata pa kulia kaniwahi.

"Mama," akasema, "nakuonea wivu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe ukifeli, utafeli peke yako. Mimi nyumba nzima imezimwa kwa ajili yangu. Baba hata kukohoa anatoka nje. Kila akiniletea yai naona ananiambia nisimwangushe. Silali, Mama. Najifunika tu ili asiingie kuniuliza nimefika wapi."

"Mwanangu," nikamwambia, "kufeli peke yako si raha kama unavyodhani. Nimetoka huko sasa hivi."

Akacheka na kamasi zinamtoka. Nami nikacheka, tukabanana juu ya ile ndoo mpaka ikapasuka.

Nikaingia ndani nikawasha redio. Baba yake akatoka mbio, mkono juu. Nikamwambia, "Humu wana mtihani watu wawili, na wote wawili ukimya wako unawaua." Akasimama pale, akaitazama redio, akanitazama mimi. Asubuhi nikakuta mayai mawili mezani. Langu lilikuwa limechubuliwa vibaya, ila nililila lote. Tangu hapo tukawa tunasoma meza moja, muziki chini chini, na jioni tunazunguka mtaa pamoja. Usingizi ukarudi, si wote, wa kutosha.

Matokeo yametoka juzi. Mwanao kafaulu vizuri sana, sebule ikajaa watu. Mimi nimefaulu yote isipokuwa takwimu, nitairudia. Yeye aliambiwa hongera. Mimi niliambiwa hongera na pole kwa pumzi moja. Iliniuma, sikufichi.

Jana kaniketisha anifundishe. Alimwaga maharage mezani, akayagawa mafungu, akanionyesha wastani ni nini, kisha akanyamaza akanisubiri. Nilipokosea hakunikatiza. Kitu ambacho mkufunzi alinieleza muhula mzima bila kuniingia, kikaniingia hapo. Nikaitazama mikono yake juu ya maharage, kijicho kikapanda upya: mwalimu ni mimi, na huyu anafundisha kunishinda. Sikumwambia. Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Msalimie sana shemeji, na shangazi, na yule mtoto wenu mdogo, Kibonge, mwambie mama yake mkubwa anamkumbuka. Mungu awafunike kwa heri, awape afya na usingizi mtulivu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Mama Chekechea