Kibanda Juu ya Msingi Wangu

Abei, msomee mama yako karatasi hii yote, usiruke palipo na ukali.

Mbuzi nimewanywesha. Naenda Kakuma kutafuta fundi mwingine, maana Elijah amekataa kazi. Asubuhi alikuja kuchimba msingi wa nyumba yangu ya mawe, akakuta mama yako na shangazi zake wamesimamisha kibanda cha matawi ya mikoma palepale alipopigilia vigingi jana.

Akaniuliza, "Mzee, fundi ni mimi au ni hawa akina mama?"

Mama yako akamjibu, "Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Huyu mzee ni mgeni tu, tunamkaribisha."

Majirani wakacheka. Elijah akang'oa vigingi vyake, akaenda.

Nakuleu mke wangu, nimelala katika nyumba ya mama yangu, kisha yako, na kila tukigombana ni mimi ninayetoka nje na kigoda changu. Nilitaka nyumba moja tu isiyo na wa kunifukuza.

~~Nikirudi nikute kibanda kimebomolewa.~~ Kiacheni, shangazi zako wamechoka. Lakini fundi nitakayemleta atajenga upande wa pili wa ua, na mlango wangu hautatazama wako.

Baba Abei