Kidole Juu ya Blanketi

Mwanangu Hamadi,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimeipokea kabla.

Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la nne, usinicheke. Huku Mchinga korosho tumeokota bila wewe, na dada yako kajifungua wa kike. Mimi tu ndiye niliyekosa raha. Tangu urudishwe kutoka huko mlikokwenda kulinda amani, nilikuwa nawatilia shaka wenzako.

Afisa aliyeleta jeneza alisema, "Mama, helikopta ilimchukua upesi. Humo ndani akatamka shahada, sote tukasikia." Watu wakaitikia alhamdulillahi. Mimi nikakumbuka maneno yako. Si wewe uliyenambia, likizo ile tunapukuchua mahindi, kwamba mle kwenye helikopta kwa kelele mtu hamsikii wa ubavuni kwake, mnaongea kwa mikono? Ukanitania, "Hata wewe mama mle ungenyamaza." Sasa wao walisikiaje?

Uliisifu sana hiyo helikopta. Babu yako alipopigwa risasi vitani walimbeba kwa machela porini kutwa kucha, mguu ukaoza. Ukasema siku hizi majeruhi anafika kwa daktari chai haijapoa. Nikakwambia, "Lakini waliombeba babu yako walimsikia akiomba maji." Ukacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikaona yote ni uwongo. Pengine ulifia chini, peke yako, hamna hata wa kukushika mkono. Helikopta ikipita huku pwani naingia ndani, nafunga mlango.

Juzi kaja Damasi, yule rafiki yako Mmakonde, muuguzi wa jeshi. Nikampa muhogo, hajamaliza nikambana: "Ulimsikia?"

Akaweka kipande chini. "Hapana, mama. Mle hakuna aliyesikia kitu." Akasema alikushika mkono wa kushoto njia nzima. Halafu, kama anaona haya: "Ule wa kulia alikuwa anautoa nje ya blanketi, ananyoosha kidole kimoja juu. Nikadhani anaonyesha dripu. Nikaitazama, iko sawa. Nikaurudisha mkono ndani asipate baridi. Akautoa tena. Mara tatu, mama."

Hamadi! Yeye Mkristo, hakujua kile ndicho kidole cha shahada, kwamba ulikuwa unaitamka kwa mkono. Mtu wa kunitungia uwongo angejua. Nililia, naye akalia, akidhani kanikosea. Nikamwambia, hujakosa baba, ulimfunika mwanangu.

Hilo la helikopta kuja upesi bado siliamini, na huyo afisa nikimwona nitamuuliza tena. Ila wewe sikuulizi.

Mungu akulaze pema, baba. Nakuahidi, helikopta ikipita sitafunga mlango. Nitatoka uani, nitanyoosha kidole changu, na hapo hapana wa kunirudisha mkono ndani.

Mama yako